Mwalimu Wilhelmina Kokulinda Aliyekataa Kutia Saini

Ndugu waombolezaji, Mchungaji, walimu wenzake, wanafunzi wake na majirani zetu wa Kiseke,

Leo Jumamosi, tarehe 19 Septemba 1998, tunamsindikiza Mwalimu Wilhelmina Kokulinda Maige. Anayesoma wasifu huu ni mdogo wake, Leonsia. Marehemu aliuagiza mwenyewe mwezi Julai akiwa kitandani, akataka yaandikwe yaliyotokea na yasipambwe. Juzi walikuja hapa nyumbani watu wawili, kwa adabu kabisa, wakaomba habari za kiwandani zisisomwe mbele ya jeneza. Tuliwakaribisha, tukawapa chai, tukawasikiliza mpaka mwisho. Shemeji yetu Nathaniel, mume wa marehemu, akawajibu kwamba mwenye wasifu alishaamua. Kwa hiyo zitasomwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika Hospitali ya Ndolage, Kamachumu, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Filemoni Rwehumbiza, mwinjilisti wa Kilutheri na mkulima wa kahawa, na Mama Rebeka. Nyumbani tuliongea Kihaya, kanisani Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa lugha ya wageni waliokuja na gari. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, daktari mmoja mgeni alisimama shambani kwetu akazungumza na baba kwa Kiingereza. Baba aliitikia "yesi" kwa kila neno, huku akitabasamu. Gari lilipoondoka, Wilhelmina alimuuliza:

"Taata, amekuuliza nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Mbona umekubali?"

"Ametoka mbali. Ningemwambiaje kwamba sijaelewa?"

Familia ilicheka kisa hicho kwa miaka mingi. Yeye naye alicheka, lakini kila alipokisimulia alimalizia kwa kusema kwamba mpaka leo hakuna anayejua baba alikubali nini.

Alisoma shule ya msingi Kamachumu kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha Sekondari ya Rugambwa, Bukoba, na kidato cha tano na cha sita akasoma Tabora Wasichana, ambako alimaliza mwaka 1977. Vita vilipoanza mpakani kwetu Oktoba 1978 alikuwa kambini, Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa wiki nyingi hakupata habari yoyote ya nyumbani. Mwaka 1979 alijiunga na Chuo cha Ualimu Butimba, hapa Mwanza, akahitimu stashahada mwaka 1981 katika masomo ya Kiingereza na Kiswahili. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mara mbili: 1985 hadi 1988 kwa shahada ya kwanza, na 1991 hadi 1993 kwa shahada ya pili katika isimu tumizi. Mama Rebeka alipoambiwa jina la somo hilo aliuliza kama lina ajira. Marehemu alimweleza kwamba ni kazi ya kuchunguza jinsi lugha inavyowasaidia watu, au inavyowaangusha, darasani, hospitalini, mahakamani na kazini. Mama akasema, "Basi kazi ipo."

Ndoa yake na Ndugu Nathaniel Maige, mwenyeji wa Magu, fundi wa mitambo ya barafu, ilifungwa tarehe 17 Desemba 1983. Walifahamiana kwa sababu ya kitabu cha mashine. Nathaniel alikipeleka kwa mwalimu ili amsomee maelekezo ya Kiingereza yaliyomshinda. Mwalimu alisoma ukurasa wa kwanza vizuri sana, halafu akakiri kwamba ameyatamka maneno yote na hajaelewa hata moja. Nathaniel akamchorea mashine chini kwa kijiti. Walirudi kwenye kitabu hicho jioni nyingi, hata baada ya mashine yenyewe kupona. Mungu aliwajalia watoto watatu: Rebeka, Venant na Queen.

Marehemu alianza kufundisha Sengerema mwaka 1981, kisha akahamishiwa sekondari moja ya serikali hapa mjini. Aliporudi kutoka Dar es Salaam mwaka 1993 alikuta mji umebadilika. Shule binafsi za Kiingereza zilikuwa zinafunguliwa kila upande, hoteli zilitafuta watu wa kupokea wageni, viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimejaa mameneja kutoka nje, na kila mzazi alitaka mtoto ajue Kiingereza kwa haraka. Vijana waliomaliza kidato cha sita na walimu wachanga walianza kumfuata nyumbani kwake Mkuyuni, wakitaka kujua njia. Ndivyo kilivyozaliwa Kikundi cha Lugha, kila Jumamosi saa nne asubuhi, barazani. Walisoma fonolojia na sarufi, walisahihishana insha, walijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu. Kila mgeni aliulizwa swali moja: "Unataka lugha ikupeleke wapi?" Kuna aliyesema darasani, kuna aliyesema ukalimani, kuna aliyesema redioni, na kuna waliosema popote penye mshahara. Wote walipewa nafasi ya kukaa.

Aliyekuwa na kipaji kuliko wote alikuwa Suzana Lubango, binti wa mkulima wa pamba kutoka Kwimba. Alama zake za kidato cha sita hazikutosha chuo kikuu, akasoma Butimba, na alikuwa bado hajapata ajira. Yote yanayosomwa hapa kumhusu yanasomwa kwa ruhusa yake, naye ameketi pale mbele pamoja na familia.

Mwanzoni mwa mwaka 1995 kiwanda kimoja cha minofu, ambacho sasa kimefungwa na hatutakitaja, kilimwomba marehemu awafundishe wafanyakazi Kiingereza cha kazini. Ndicho kiwanda alichofanyia kazi mume wake, katika chumba cha mashine za kugandisha. Marehemu alikubali kufundisha alasiri baada ya vipindi vya shule, akamchukua Suzana na wanakikundi wengine wawili kuwa wasaidizi. Kiwanda kiliahidi kwamba wasaidizi hao wataajiriwa moja kwa moja. Kwa vijana ambao walikuwa wamezungushwa ofisi hadi ofisi, hilo lilikuwa jambo kubwa sana.

Kabla ya kufundisha, marehemu alitaka kwanza kujua wanafunzi wake wanaelewa nini. Yeye na Suzana waliwafuata wafanyakazi majumbani kwao Nyakato, wakawauliza kuhusu maandishi ya kiwandani, ambayo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Ukumbi wa kukatia minofu ulikuwa na milango miwili. Mmoja ulipitia kwenye korido ya chumba cha mashine, ndio waliouzoea. Wa pili ulikuwa mwekundu, wenye chuma cha kusukuma, na juu yake pameandikwa kwamba ni wa kutokea wakati wa hatari. Marehemu alimuuliza mama mmoja mkata minofu, Ng'washi, maana ya maandishi yale.

"Pameandikwa wageni tu," alisema Ng'washi.

"Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, mwalimu. Ila sijaona mtu mweusi akipita pale."

Waliendelea kuuliza nyumba kwa nyumba. Karibu wote waliuita mlango wa wageni. Suzana anakumbuka kwamba siku hiyo marehemu hakula chakula cha jioni. Nathaniel alikuwa amempa somo la amonia, gesi ya sumu ya kugandishia, zamani, kwenye kile kitabu cha mashine: gesi hiyo ikitoka, inatoka chumba cha mashine na kujaza korido kwanza. Watu wote wale wangekimbilia hukohuko.

Aliupeleka uchunguzi wake kwa uongozi. Aliomba maandishi yawekwe kwa Kiswahili, na michoro kwa wasiosoma. Jibu lilikuwa kwamba wakaguzi wa ubora wanakuja kutoka Ulaya mwezi Agosti, nao wanasoma Kiingereza. Mwezi Julai aliitwa ofisini. Mezani palikuwa na hati ya kuthibitisha kwamba wafanyakazi wote wamefundishwa maelekezo ya usalama na wameyaelewa. Meneja mgeni alikuwepo, lakini aliyezungumza zaidi ni ofisa utumishi wa wakati huo, Mtanzania mwenzetu, ambaye naye hatumtaji jina.

"Mwalimu, hii ni karatasi tu," alisema. "Wakaguzi wakiondoka utaendelea na masomo yako taratibu."

"Inasema wameelewa."

"Si wamehudhuria?"

"Wamehudhuria. Hawajaelewa. Nipeni miezi mitatu na Kiswahili ukutani, nitasaini kwa mikono miwili."

Ofisa aliisogeza hati karibu yake. "Tusipopita ukaguzi, minofu haiendi nje. Minofu isipokwenda, watu wanarudi nyumbani. Vijana wako pia. Na Maige, sijui kama unamfikiria."

Marehemu aliiacha kalamu pale pale mezani, akaaga.

Nyumbani Mkuyuni mambo hayakuwa mepesi. Nathaniel alikuwa amekwishaambiwa na wenzake kabla mke wake hajafika. Wapo wanaodhani kwamba alimuunga mkono tangu mwanzo. Mwenyewe ametuambia si kweli.

"Umenifikiria lakini?" alimuuliza.

"Nimekufikiria. Wewe ndiye unayeshinda mle ndani."

"Na nikifukuzwa, watoto watakula uchunguzi wako?"

Kwa wiki nzima waliongea habari za watoto na maji tu.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Kikundi kizima kilikuwa kimepata habari. Marehemu alieleza alichokataa na kwa nini. Suzana akasimama. Hakuwahi kumsemesha mwalimu wake kwa sauti ile kabla ya siku hiyo.

"Mwalimu, wewe umeshasoma. Una ajira, una shahada mbili. Sisi bado. Ukikataa wewe unaitwa mwenye msimamo. Tukikataa sisi tunaitwa wasio na kazi."

"Ni kweli," alisema marehemu.

"Sasa utuambie tufanye nini."

"Siwezi kukuamulia, Suzana. Naweza kukwambia tu kwamba wewe ulikuwepo kwa Ng'washi. Ulisikia."

Suzana aliondoka kabla ya chai. Jumatatu yake aliitia saini ile hati kama mkufunzi msaidizi, na kiwanda kikaikubali. Mkataba wa marehemu ulisitishwa wiki hiyo hiyo. Suzana akapewa kazi, akapewa na chumba cha kufundishia. Wale wasaidizi wengine wawili waliajiriwa na shule binafsi, wanakikundi wengine wakaacha kuja kwa kuona aibu kuchagua upande. Ukaguzi ulipita vizuri mwezi Agosti. Nathaniel hakufukuzwa, kwa sababu hakukuwa na fundi mwingine aliyezijua mashine zile, lakini aliacha kusalimiwa na baadhi ya watu aliokula nao.

Marehemu hakukaa kimya. Wafanyakazi walikuwa na mapumziko ya chai, nao walitoka nje kwa mama lishe aliyeuza uji na maandazi karibu na geti. Marehemu alianza kwenda pale siku asizokuwa na vipindi vya asubuhi. Alikaa kwenye benchi na kikombe chake, akaongea nao Kiswahili, na kwa akina mama wa vijijini Kisukuma alichofundishwa na mume wake, ambacho walikicheka sana. Hakuwafundisha Kiingereza kingi. Aliwafundisha maneno ya ule mlango mwekundu, namna ya kukisukuma chuma chake, na kufunika pua kwa kitambaa kilicholowa. Ng'washi alimuuliza kama kweli wanaruhusiwa kuupita.

"Ni wa kwenu," alimwambia. "Umewekwa kwa ajili yenu."

Walinzi walitumwa kumwondoa. Siku ya kwanza aliondoka, siku ya pili akarudi. Walipomwambia benchi ni la kiwanda, akasimama. Kisha malalamiko yakapelekwa shuleni kwake kwamba anafanya biashara ya masomo na kuchochea wafanyakazi. Mkuu wake wa shule, mtu aliyempenda, alimwita akamwomba aache, maana aliambiwa kwamba mwalimu huyu anaweza kujikuta amehamishiwa mbali na familia. Marehemu alimshukuru kwa kumwambia mapema. Usiku ule alimweleza mume wake kila kitu, akategemea ugomvi. Nathaniel akasema, "Basi wafundishe pia wasikimbie. Wakikimbia watakanyagana." Tangu siku hiyo walikuwa kitu kimoja.

Alhamisi, tarehe 9 Novemba 1995, muda mfupi baada ya saa tano asubuhi, bomba la amonia lilipasuka katika chumba cha mashine. Nathaniel alikuwemo, pamoja na fundi msaidizi wake, Florian Shimba. Ukumbini watu walisikia harufu kali, macho yakaanza kuwasha, na wa mbele wakaanza kuelekea korido waliyoizoea. Suzana alikuwa katika kibanda kidogo cha msimamizi kando ya ukumbi. Msimamizi mgeni alimkabidhi kipaza sauti na karatasi ya tangazo la dharura. "Soma kama ilivyoandikwa," alimwamuru.

Suzana alisoma mstari wa kwanza kwa Kiingereza kizuri. Ametuomba tuyasome maneno yake mwenyewe: "Walisimama wakanitazama. Wakaitikia kwa kichwa, kama nilivyowazoesha darasani. Hakuna aliyegeuka."

Aliiachia karatasi. Akasema kwa Kiswahili, halafu kwa Kisukuma, kwa jina walilolijua wao: tokeni kwa mlango wa wageni, msipite korido. Wakati huo Ng'washi alikuwa ameshaufikia. Aliusukuma kwa bega, ukakwama, akausukuma tena pamoja na wenzake wawili, ukafunguka, hewa ikaingia. Wakatoka wakiwa wameshikana mabega, vitambaa vimelowa puani, bila kukimbia. Suzana alitoka wa mwisho kabisa.

Habari zilimfikia marehemu akiwa darasani, naye akaacha chaki akaenda. Getini walinzi wale wale walimzuia. Akasimama kwenye uzio akiwatazama waliotoka, mmoja mmoja, wakikohoa na kulia. Alimwona Ng'washi. Akamwona Suzana, uso umevimba, akija upande wake. Walikuwa hawajasemeshana tangu Julai.

"Nathaniel yuko wapi?" aliuliza marehemu.

"Bado yuko chumba cha mashine. Anafunga valvu ya gesi."

Suzana alipitisha vidole kwenye uzio, marehemu akavishika, wakasubiri hivyo. Mama lishe aliyekuwepo anasema kwamba hakuna hata mmoja wao aliyelia wala kuomba kwa sauti. Walikodoa macho tu kwenye ule mlango mwekundu. Hatimaye Nathaniel akatolewa na wanaume wawili, macho yamefumba, mikono imeungua. Valvu ilikuwa imefungwa. Florian Shimba hakutoka akiwa hai. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Wazazi wake wapo nasi leo, tunawashukuru.

Nathaniel alilazwa Bugando mwezi mzima, akapoteza jicho la kushoto. Watu wote waliokuwa ukumbini, zaidi ya mia mbili, walirudi kwao wakiwa hai.

Januari 1996 kamati ya uchunguzi wa ajali ilikaa. Marehemu alikwenda kusikiliza tu, hakuwa amepangwa kusema. Meneja mgeni alijieleza kwa Kiingereza, na mkalimani aliyeletwa na kiwanda akawafasiria wafanyakazi waliojaa nyuma. Meneja alipoulizwa alijuaje kwamba watu wake wamefundishwa, alijibu, na mkalimani akasema, "Anasema wote walielewa."

Marehemu alisimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hakusema walielewa. Amesema waliitikia kwa kichwa."

Aliambiwa akae.

"Nitakaa, Mheshimiwa. Naomba tu wasikie alichosema. Kuna mtu amekufa katikati ya maneno hayo mawili."

Mwenyekiti alimwomba meneja arudie, kisha akamuuliza mkalimani tena. Safari hii ilifasiriwa ilivyosemwa. Wa kufuata alikuwa Suzana. Wakili wa kiwanda alimwonyesha saini yake, akamuuliza kama ni yake, naye akasema ni yake. Akaulizwa kama basi wafanyakazi walielewa. Suzana alijua jibu moja lingemwachia kazi, na la pili lingeweza kumpeleka mahakamani.

"Waliitikia kwa kichwa," alisema. "Hawakuelewa. Nilijua, nikasaini."

Alifukuzwa kazi kesho yake. Hakushtakiwa. Kiwanda kiliagizwa kuweka maelekezo yote kwa Kiswahili na kwa michoro, na viwanda jirani vikafanya vivyo hivyo bila kusubiri kuagizwa. Wazazi wa Florian walilipwa fidia baada ya kuzungushwa kwa muda mrefu. Marehemu hakuhamishwa. Wala hakuombwa radhi, na hilo alitaka liandikwe.

Jumamosi ya mwisho ya Januari kikundi kilikutana, watu wanne tu. Suzana alifika saa nne na nusu, akasimama nje ya baraza, akiwa ametayarisha maneno. Hakupata nafasi ya kuyasema.

"Umechelewa," alisema marehemu. "Tumeshaanza fonolojia. Kaa."

Mwaka huo huo familia ilihamia hapa Kiseke, kwenye nyumba waliyoijenga kidogo kidogo, na kikundi kikawafuata. Kiliongezeka tena. Kimetoa walimu kumi na mmoja wa sekondari, watangazaji wawili, wakalimani wa mahakama, na binti mmoja anayewaongoza watalii Serengeti ambaye bado huandika kuuliza maswali ya sarufi. Marehemu aliwafundisha wote kwamba mwalimu wa lugha asiridhike kusikia "ndiyo". Amwombe mwanafunzi aeleze kwa maneno yake, au aonyeshe kwa mikono.

Ugonjwa ulianza mwezi Februari 1997, uvimbe katika titi la kulia. Alikaa nao miezi minne bila kusema, kwa sababu kidato cha sita walikuwa wanakaribia mitihani, na jambo hilo lilituumiza sana sisi ndugu zake. Mume wake alipogundua alimpeleka Bugando siku hiyo hiyo. Alifanyiwa upasuaji Juni 1997, na mwanzoni mwa mwaka huu akapelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, kwa matibabu ya mionzi. Alirudi mwezi Aprili akiwa dhaifu, akaendelea kufundisha akiwa ameketi, na baadaye akiwa amelala. Aliwataka madaktari wamweleze hali yake bila kuificha, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili mbele ya mama yake, akisikiliza kama maneno ni yale yale.

Agosti majibu ya chuo kikuu yalitoka. Suzana alikuwa amefaulu mtihani wa kuingia chuo kwa watu wazima na kuchaguliwa kusoma isimu na ualimu Dar es Salaam. Alikuja na habari hiyo chumbani, na papo hapo akasema ataomba kuahirisha mwaka mmoja ili amuuguze mwalimu.

"Wauguzi ninao," alisema marehemu. "Mama yupo, Leonsia yupo."

"Nitakwendaje nikakuacha hivi?"

"Utakwenda kwa treni."

Suzana aliendelea kubisha. Walibishana mpaka marehemu akaishiwa pumzi, nasi tukataka kumtoa mgeni nje. Marehemu alikataa. Alisubiri pumzi ikarudi, akamwambia taratibu, "Ulisimama mbele ya kamati ukasema kweli, ukapoteza kazi. Sikutaka ubaki umepoteza tu. Nenda."

Marehemu alifariki hapa nyumbani, Jumanne tarehe 15 Septemba 1998, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mume wake. Wazee wetu kutoka Kamachumu walitaka avushwe ziwa kwa meli akazikwe alikozikwa baba, na majadiliano yalikuwa makali kwa siku mbili. Yeye alishasema Kiseke. Mama Rebeka ndiye aliyeyamaliza, kwa kusema kwamba tangu utoto mwanawe alimbishia mara chache sana, na kila mara ilibainika alikuwa amefikiri zaidi.

Marehemu ameacha mume, Nathaniel Maige. Watoto, Rebeka, Venant na Queen. Mama mzazi, Rebeka Rwehumbiza. Ndugu wanne, Revocatus, Leonsia, Privatus na Florian, ambaye ni wajina wa yule fundi Shimba. Wakwe, mashemeji na wajukuu wa ukoo wa Magu na wa Kamachumu. Na wanafunzi wake, ambao ametuagiza tuwahesabu kuwa ni wa nyumbani. Ametuagiza pia kwamba wanafunzi hao wasikae matanga. Kila mmoja aondoke makaburini arudi kwenye masomo yake au kwenye darasa lake.

Suzana, umetuomba mara mbili ubaki hadi tuanue tanga, na familia imekukatalia mara mbili. Treni ni kesho jioni. Mama ameshakufungia chakula cha safari, kiko jikoni, ukichukue kabla ya kuondoka.

Bwana ampokee Mwalimu Wilhelmina, na ampe pumziko la amani.